Kwa Nini Mwanangu Anafurahia Kutishwa? Jibu kwa Mama wa Minnesota

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa tunaishi Brooklyn Park, Minnesota. Kila Oktoba ikifika, mwanangu wa miaka 10 hana habari nyingine ila Halloween, ule usiku wa tarehe 31 ambapo watoto huvaa vinyago na kuomba peremende mlango kwa mlango. Mwaka jana aliingia nyumba ya kutisha, zile ambazo watu hulipa waigizaji wawatishe, na binamu zake, akatoka analia na kucheka kwa pamoja, na hapo hapo akataka kurudi ndani. Mdogo wake wa miaka 4 aliona kinyago mlangoni petu akalia mpaka usiku, na wiki nzima ikabidi alale taa ikiwaka. Dada yangu ananiambia namzoesha mtoto mambo ya shetani. Mtu anapataje raha katika kuogopa? Nimzuie au nimwache? Na mwaka huu anataka niingie naye, mimi ambaye ni mwoga tangu utotoni.

Jibu: Mama, pole kwa zile siku za kulala na taa. Nianze na linalokukosesha amani zaidi: mwanao mkubwa hana kasoro yoyote, na mdogo wake hana pia. Kila mmoja amefanya kile ambacho watoto wa umri wake hufanya. Usidhani mmoja ni jasiri na mwingine ni mwoga. Mkubwa aliichagua hofu yake mwenyewe, akajua inaanzia mlango gani na itaishia mlango gani. Mdogo alifunguliwa mlango wa nyumbani kwao akaikuta imesimama mbele yake. Karibu yote nitakayokueleza yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Watoto wanapenda kutishwa kuliko sisi wazazi tunavyokubali. Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, kina maabara inayochunguza hofu ya burudani tu, yaani hofu ambayo mtu anaitafuta kwa kujifurahisha. Watafiti wa huko waliwauliza wazazi wa watoto 1,600, wa kuanzia mwaka 1 hadi miaka 17, kama watoto wao hufurahia jambo lolote lenye kuogopesha. Asilimia 93 ya watoto walikuwa na angalau jambo moja la namna hiyo. Tazama hata mtoto mchanga anayerushwa juu na baba yake: akiwa hewani mdomo uko wazi, macho yamemtoka, na akishadakwa anacheka na kunyoosha mikono arushwe tena. Anayecheza kujificha hubana pumzi nyuma ya mlango akisikia hatua za anayemtafuta, na moyo unamdunda kweli kweli. Na wewe uliyekulia Mombasa unakumbuka namna bibi anavyosema "Paukwa!", mkaitika "Pakawa!", kisha zimwi likifika kisimani anashusha sauti, anakohoa kidogo, ananyamaza pale pale pabaya. Mnasogeleana mkekani mpaka mnakaliana. Na akisema hadithi iishie hapo mkalale, nani kati yenu aliyekubali?

Mwilini mambo huenda hivi. Kitu kinapokurukia gizani, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele kabla hujatambua umeona nini. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinafupika, mboni za macho zinapanuka, damu inakimbilia misuli ya miguu. Ni kufumba na kufumbua, mwili uko tayari kukimbia au kupigana. Ndipo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, inapofika na taarifa yake: huyu ni kijana aliyepakwa rangi usoni, amevaa raba, na sheria ya hapa haimruhusu kunigusa. Kengele inazimwa, lakini mwili haupoi kwa amri. Msisimko unabaki kwa dakika kadhaa. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza katika miaka ya 1970 kwamba msisimko uliobaki kutokana na jambo moja huikoleza hisia inayofuata. Hisia inayofuata kwa mtu aliyetoka nyumba ya kutisha ni nafuu, nayo inamjia na nguvu zote za woga uliotangulia. Basi mwanao alipotoka analia na kucheka hakuwa amechanganyikiwa. Mwili ulikuwa bado kwenye woga na akili imeshafika kwenye furaha.

Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliandika mwaka 2013 kuhusu raha za aina hii kwa ujumla. Waliiweka hofu kundi moja na nyimbo za kuliza na vyakula vinavyochoma mdomo. Mtu anayekula muhogo wa pilipili na ndimu pale Lighthouse, Mombasa, jioni, machozi yanamtiririka, pua inavuja, na bado mkono unarudi kwenye sahani, anafanya jambo lile lile alilofanya mwanao. Mwili unalalamika kwamba kuna hatari, akili inajua hakuna, na kule kujua kwamba mwili umedanganyika ndiko kwenye utamu.

Kuna watu wamekwenda kuyapima haya ndani ya nyumba zenyewe za kutisha, na kazi zao ndizo zitakazokusaidia kuamua. Mwanasosholojia Margee Kerr na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanyika katika nyumba ya kutisha ya watu wazima mjini Pittsburgh. Wageni 262 waliokuwa wameshakata tiketi waliulizwa wanajisikiaje kabla ya kuingia, wakaulizwa tena walipotoka. Kwa jumla walitoka wakijisikia vizuri zaidi, na walionufaika hasa ni wale walioingia wakiwa wamechoka, wamechoshwa na mambo au wana msongo. Baadhi yao walipimwa mawimbi ya ubongo, na wale ambao hali zao zilikuwa bora baada ya kutoka, ubongo wao ulionyesha kutulia zaidi mbele ya mambo ya kusumbua. Kumbuka lakini kwamba hawa ni watu waliokwenda kwa miguu yao na kulipa fedha zao. Huwezi kumkamata mtu asiyetaka, ukamsukuma ndani, ukategemea atoke na nafuu hiyo.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika Vejle, Denmark, ukachapishwa mwaka 2020. Marc Malmdorf Andersen, Mathias Clasen na wenzao waliwavisha wageni 110 vipimo vya mapigo ya moyo, wakatega kamera kwenye vyumba vilivyokuwa na mishtuko mikubwa. Mmoja wa waliokuwa wakiwasubiri humo ni jitu lenye kinyago cha nguruwe, aproni ya damu na msumeno wa injini mkononi. Walichokiona ni kwamba raha haipandi sambamba na woga. Woga ukiwa mdogo mno, mtu anachoka tu. Ukiongezeka, raha nayo inaongezeka, mpaka mahali fulani katikati. Ukizidi hapo, raha inaporomoka. Mapigo ya moyo yalisema hivyo hivyo: waliofurahia zaidi ni wale ambao moyo wao ulipanda na kushuka kidogo kidogo kutoka kwenye kawaida yake, wala si wale ambao haukutikisika, wala si wale ambao uliyumba kupita kiasi.

Hiyo katikati kila mtu ana yake. Ya mwanao mkubwa huenda iko juu kuliko yako, na mwakani itakuwa imehama. Kazi yako kama mzazi ni kumsaidia kuijua ilipo. Na hapa nakuomba usipime kwa kelele. Mtoto anayepiga mayowe, akakurupuka, akamvuta binamu yake waingie chumba cha mbele, huyo anacheza. Mwangalie aliyenyamaza. Mabega yamepanda mpaka masikioni, mikono imebana kifuani, macho yameganda sakafuni, ukimsemesha hajibu. Kwake mchezo umekwisha, hata kama hajadondosha chozi. Baada ya kutoka nako kuna dalili. Aliyefurahia husimulia, tena kila akisimulia hadithi inarefuka na yeye anazidi kuwa shujaa. Aliyezidiwa hataki kutajiwa, na siku kadhaa baadaye anaomba asindikizwe chooni.

Kwa hiyo usimzuie mkubwa, lakini weka masharti. La kwanza kwangu ni uwezo wa kusimamisha. Kubaliana naye neno moja la Kiswahili, "basi" linatosha, ambalo akilisema mnatoka bila maswali na bila mtu kumcheka njiani wala wiki nzima inayofuata. Binamu wakubwa waambiwe hilo mapema, maana mara nyingi wanaoharibu usiku wa mtoto ni ndugu zake wanaomwita mwoga kuliko waigizaji wenyewe. Soma umri uliotajwa na wenye nyumba hiyo na uuheshimu. Uliza kama waigizaji wanagusa wageni. Kama wanagusa, tafuta pengine. Ziko nyumba zenye saa za mchana kwa watoto, taa zikiwa zimewashwa na vitisho vimepunguzwa, na kwa mtoto wa miaka 10 hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ninashikilia sana suala la kuchagua na kusimamisha kwa sababu bila hayo mambo hubadilika kabisa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo anayesemekana kuvamia watu usiku, iliingia Pemba, ikavuka hadi Unguja. Watu waliogopa kulala ndani, wakakesha nje wamekusanyika kuzunguka moto. Adrenalini iliyokuwa kwenye damu yao ni ile ile ya mwanao, moyo ulikwenda mbio vile vile. Lakini hakuna aliyekuwa ameiomba hofu ile, na hakuna aliyejua itakwisha lini. Hapo huwezi kuzungumzia burudani.

Ndiyo maana mwanao mdogo wa miaka 4 anahitaji jibu lake peke yake. Mwaka 1986 Glenn Sparks na Joanne Cantor walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto waliotazama kipindi cha televisheni ambamo mtu mpole hugeuka kuwa jitu la kijani. Watoto wakubwa walijua kwamba jitu hilo huja kuokoa watu, hivyo kugeuka kwake hakukuwatisha sana. Wa chekechea waliogopa zaidi pale pale mtu alipokuwa akigeuka. Kwa mtoto mdogo, sura ndiyo mtu. Sura ikibadilika, mtu amebadilika. Kumwambia "si kweli, ni kinyago tu" ni kumpa maneno ambayo akili yake bado haiwezi kuyatumia wakati moyo unamdunda.

Msaidie kwa macho na mikono yake. Nunua kinyago cha kawaida, kisicho na damu wala meno, ukiweke mezani asubuhi jua likiwaka. Usimwite. Akija mwenyewe, mwache akiguse, akigeuze, aone upande wa ndani, aone mpira wa kukifungia. Avishwe mwanasesere kwanza. Siku nyingine kaka yake akivae kichwani, uso wote ukiwa wazi, kisha akishushe taratibu mpaka kwenye pua, na mdogo ndiye wa kumwambia "vua". Hiyo amri ya "vua" ndiyo dawa. Akishaitoa mara nyingi na ikatiiwa kila mara, utaona anaanza kumwambia kaka yake "vaa". Wengine huhitaji siku mbili, wengine mwezi. Usimharakishe, na usimfokee. Taa ya usiku haina ubaya wowote, iache. Kama miezi inapita na bado halali, anakataa shule au amerudi kukojoa kitandani, mpeleke kwa daktari wake wa watoto.

Usiku wenyewe, panga mambo kwa saa. Mwisho wa Oktoba kwenu jua linazama kama saa 12 jioni, na watoto wadogo wengi hupita kabla ya hapo wamevaa sura za nyuki, malaika na simba. Mpe mdogo bakuli la peremende muda huo, awe yeye wa kugawa, wewe ukiwa nyuma yake. Giza likiingia na wakubwa wenye vinyago vibaya wakianza kupita, kazi yake imekwisha, yuko chumbani na hadithi yake. Mlango fungua wewe.

Sasa dada yako. Suala la imani mtaliamua wenyewe nyumbani kwenu, na familia inayosema "sisi hatusherehekei" ina haki kamili. Ila ni vizuri muamue mkijua historia. Wakelti, watu wa kale wa Ireland na Scotland, walikuwa na sikukuu ya Samhain, ya kufunga mavuno na kukaribisha baridi, ambapo iliaminika roho za wafu zinapita karibu. Kanisa nalo likawa na Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Papa Gregori wa Nne aliieneza katika karne ya 9. Jina Halloween linatokana na mkesha wa sikukuu hiyo. Waairishi waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 walifika Marekani na desturi zao, na badala ya ile mizizi waliyozoea kuichonga sura kwao wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga. Na historia nyingine iko jirani kabisa nanyi, Anoka, kaskazini kidogo mwa Brooklyn Park. Vijana wa huko walikuwa wakivuruga mji usiku huo: ng'ombe walifunguliwa wakazurura barabara kuu, madirisha yakapakwa sabuni. Mwaka 1920 wakubwa wa mji wakaandaa gwaride ili kuwapa vijana cha kufanya, na hadi leo Anoka inajiita makao makuu ya Halloween duniani. Mpeleke dada yako gwaride la mchana akaone watoto na bendi za shule, kisha mzungumze. Mkiamua kuvaa, mtoto anaweza kuvaa mavazi ya rubani au daktari. Hakuna anayelazimishwa kuwa pepo.

Naomba pia uwafikirie majirani. Marekani ina familia nyingi zinazoongea Kiswahili zilizotoka mashariki mwa Kongo, baadhi zimepita kambi za wakimbizi kama Nyarugusu kule Kigoma. Kwa mtu aliyewahi kugongewa mlango usiku na watu waliofunika nyuso, ule mlango wa tarehe 31 Oktoba ni jambo zito, na asipoambiwa mapema anaweza kuingiwa na hofu ya kweli kabisa. Kama unamfahamu mama wa namna hiyo, mpitie wiki moja kabla. Mweleze ni siku gani, ni saa ngapi, watakaokuja ni watoto wa majirani, na kwamba akizima taa ya barazani kwa kawaida hawagongi. Watoto wake wasiingizwe nyumba za kutisha kwa sababu tu wenzao wameingia. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha naona watu wazima wakisema "atazoea". Mtoto aliyeona vita hazoeshwi kwa msumeno wa injini.

Kama kuna faida ya kudumu katika mchezo huu, dalili zake zipo ingawa bado changa. Mwaka 2020, miezi ya mwanzo ya korona, Coltan Scrivner, Clasen na wenzao waliwahoji watu 310. Mashabiki wa filamu za kutisha walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wengine. Hilo halithibitishi kwamba filamu ndizo zilizowaimarisha. Huenda ni watu waliozaliwa hivyo. Mimi naegemea kwamba mazoezi yana mchango. Mtoto anayehisi moyo unakwenda mbio, akauona unatulia wenyewe, amejifunza jambo kuhusu mwili wake ambalo huwezi kumfundisha kwa mdomo. Ndiyo sababu nataka mwanao mkubwa aingie.

Na wewe? Nenda naye. Kabla ya utafiti ule wa mapigo ya moyo, kundi hilo hilo la Denmark lilifanya mwingine na wageni 280. Wengine walijitahidi kuogopa kadiri wawezavyo, wengine walijitahidi kujizuia wasiogope. Mwisho wa safari, makundi yote mawili yaliridhika karibu sawa. Waliojizuia walifumba macho, walitazama pembeni, walishikana na wenzao, walijikumbusha kwamba ni maigizo. Zote hizo ni mbinu halali na unaruhusiwa kuzitumia kuanzia mlangoni. Shika koti la mwanao kwa nyuma, tazama viatu vya waigizaji badala ya nyuso, na ukitaka kupiga yowe, piga. Lile neno "basi" ni lako pia. Mwambie kabla hamjakata tiketi kwamba ukilisema mkiwa chumba cha pili mtatoka wote wawili, na yeye hatanung'unika.